Matofali ya Chumba cha Riwaya

Riwaya yangu ilianza vizuri. Mkoloni anafika, anaamuru msitu ukatwe, ardhi inabaki uchi. Nafundisha fasihi hapa Kyela, na kwa miaka mingi nimewaeleza wanafunzi kwamba katika riwaya za namna hii mti ni mhusika: ukikatwa, tazama nani anapoteza. Ni somo zuri. Lingewafaa hata walimu.

Mvua zilipoanza nilikwenda nyumbani Talatala kumsomea mama sura ya kwanza. Nilimkuta shambani akikagua kakao yake. Alinisikiliza huku akigeuza majani, yaliyobabuka kingo kama karatasi iliyosogezwa motoni.

"Huyo mzungu mbaya sana," alisema.

"Sana, mama."

"Miti yenyewe aliipeleka wapi?"

"Aliiuza. Faida ikaenda kwao."

"Afadhali yeye aliuza. Wewe ulichoma."

Hapa inabidi nieleze. Kakao haipendi jua kali; hustawi chini ya miti mirefu. Shamba lile lilikuwa na mikenge mitatu, ambayo marehemu baba aliiacha makusudi. Kiangazi kilichopita nilitaka chumba tulivu pale nyumbani cha kuandikia riwaya ya kutetea misitu. Nikafyatua matofali, na tanuri la matofali hula kuni kwelikweli. Mama alikuwa Mwaya akimuuguza dada yake. Nikasema mikenge ile haina faida yoyote, tena kwa sauti ya mtaalamu, nikaikata yote. Maneno hayohayo baadaye nikamtia mkoloni mdomoni, nikajisifu kwa ubunifu. Mama aliporudi hakusema neno. Nikadhani amekipenda chumba.

"Kakao itakufa?" niliuliza.

"Kiangazi kijacho kikiikuta hivi, itakufa. Na ndiyo iliyokusomesha, Mwalimu."

Kesho yake nikaanza kuchimba mashimo. Migomba kwanza, maana hutoa kivuli upesi; kati yake miche ya mikenge. Mama alinionyesha upande jua linakopiga zaidi.

Kiangazi kilipopita, mistari miwili ya kakao ilikuwa imekauka. Mingine ikachipua. Mama akasema "ndaga", asante ya kwetu. Aliiambia migomba.

Kama nawe umekosea hivi, usikate tamaa. Chukua jembe, mashimo ya kwanza ndiyo magumu. Sura ya kwanza nimeiandika upya. Mkoloni bado yumo, ila miti mitatu ya mwisho inakatwa na mwalimu. Niliiandikia shambani, chini ya migomba. Chumba changu mama anahifadhia kakao kavu.