Mavyaa Ampima Mwanawe kwenye Mizani ya Mbata

Shoga zangu, leo mume wangu amepimwa kama gunia la mbata, na wallahi sijapata kuona fahari namna hii!

Mavyaa, mamake Salim, alikuja asubuhi kutoka Likoni na chungu cha bokoboko. Akamtazama mwanawe. Lile tumbo la siku ya harusi halikuwapo.

Akanigeukia mimi. "Mwanangu humlishi?"

Mimi! Ninayemchomea samaki na kumpikia kunde kila jioni, naye kila alfajiri hunyanyua madebe mawili ya saruji aliyoyaunganisha kwa bomba.

(Mabega hayo, jamani. Mashati yote yanambana.)

Nilimweleza, Mavyaa hakusadiki. Akamvuta mkono mpaka kwa Mzee Athumani, mnunuzi wa mbata, zile nazi kavu, hapa Mtopanga, ambako rafiki za Salim walimpima kwa mzaha siku ya harusi.

Salim akapanda mizani. Akiwa amepungua, mtaa mzima utasema namshindisha mume na njaa.

Mzee akapanga mawe, akacheka. "Uzani ni ule ule wa siku ya harusi!"

"Basi tumbo limekwenda wapi?"

"Limehamia mabegani, mama," akasema Salim, akaninyanyua juu mbele ya watu! Nikaficha uso kwa buibui, nacheka.

Tuliporudi nyumbani Mavyaa akanipa kile chungu.

"Kula wewe, mwanangu. Ijumaa nitakuletea babake Salim na tumbo lake."

Haya, semeni nyinyi: madebe mawili yatamtosha?