Jante za Kinga ya Baba

Juzi mufundi wangu moja alikamata meuleuse, ile mashini ya kusaga vyuma, akaigusisha ku jante ya kinga ya mukiriya, ile duara ya chuma ya gurudumu ya baiskeli. Cheche zikaruka, harufu ya chuma ya kuungua ikanipanda mu pua. Nikapiga kelele: "Acha! Acha ile!" Bote bakanishangaa. Miye, patron wa ma-atelier tatu za kutengeneza kinga, muntu mwenye aliacha masomo mu mwaka wa ine na kujijenga na mikono yake mwenyewe, nikakimbia kuchomoa waya ya umeme.

Nikuelezee, rafiki. Wakati ya Zaïre tulikuwa tunakaa mu mutaa wa Kamalondo, na baba alikuwa anatumika ku mine ya shaba. Asubui, sirene ya mine ikilia, mama alikuwa anapepea moto wa makala kwa chai, baba anashaondoka na kinga yake. Siku ya yenga, kisha misa, alikuwa ananibeba nyuma tunaenda mupaka mutaa wa Golf kuangalia ma-villa ya bakubwa. Sikukuwa na furaha ingine ya kupita ile.

Mubaya ilikuwa fre, breki zake. Jante zilikuwa za kungaa, na mvua ikinyesha mipira ya fre ilikuwa inateleza tu. Baba anafinya na nguvu yake yote, kinga inaenda. Siku moja ikamutupa mu mufereji, jino ikavunjika. Mama akasema: "Uiuzishe, mbele ikuue." Na Golf tungeenda na nini?

Jirani yetu alikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma. Kwake nilikuwa nimeona vile chuma ya kukwaruzwa inashika rangi. Nikawaza: basi itashika na mipira. Hakuna mwalimu mwenye alinifundisha ile, ni kichwa yangu! Yenga moja baba alilala kisha kukula bukari, ugali yetu, nikasukuma kinga kwa jirani.

"Tukwaruze ya nyuma tu, fiston," jirani akasema.

"Zote mbili, vieux! Miye sitaki kazi ya nusu."

Akacheka, akakubali, akazikwaruza na meuleuse yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikapanda, nikafinya: kinga ikasimama paa! Batoto ya avenue bakapiga mikono. Kwa baba nikanyamaza, nilitaka ashangae mwenyewe.

Kesho yake jua ikawaka. Hapo njo kosa yangu: nilijaribu mu maji tu, sikujua kama jante ya kukauka itashika kupita kiasi. Nilisimama ku mulango kuangalia. Baba, akienda kazi, akafika ku kona, akafinya na nguvu yote vile mukono yake ilizoea. Gurudumu ya mbele ikakwama, baba akapita juu ya guidon, ile usukani. Benzake ya kazi bote balikuwa pale, bakaanza kumucheka.

"Citoyen, ulinunua ndeke lini?"

"Alishuka mubaya, hajafungua magurudumu!"

Baba akajipangusa mavumbi. Akapitisha kidole ku jante, akaniangalia. Kisha akabaambia: "Uzee, bandugu. Sijue tena kuendesha."

Ile juma akauzisha kinga kwa muntu wa Kilwa ya kwetu, ile ya ku ziwa, akaanza kwenda kazi na miguu. Jina ya Ndeke ikamufuata mupaka pensheni. Hakuniuliza kitu hata siku moja, na ile inanikasirisha mupaka leo. Angenipiga! Angeuliza tu, ningemuambia alegeze mukono kidogo, na kinga ingekuwa ya kwanza mu Kamalondo yote.

Miye mwenye najisifu kwa kila kitu, ile asubui sikubaambia kama ni miye nilikwaruzisha jante. Sasa sirene hailie tena, baba alishakufa, ku kona banauzisha ma-unité ya telefone, zile vocha. Mara mingi nasimama pale, natafuta hata muzee moja mwenye alicheka ile siku, nimuambie baba alijua kuendesha. Bale bijana bananiuliza nataka unité ya ngapi.