Ulezi Mweusi wa Nyanya

Juzi sokoni Bunia nilisimama mbele ya beseni la ulezi. Sikuwa na haja nao, miguu ilikuwa imechoka tu. Nikamuuliza mama aliyeuza unatoka wapi. "Iko ya Uganda," akasema, "inapitiaka Aru." Ulikuwa mwekundu, punje zote sawasawa. Nikatia mkono ndani, nikautoa, nikaenda zangu bila kununua. Sababu nakueleza wewe, ndugu yangu, kwa maana sijawahi kumweleza mtu.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa na ulezi mweusi. Kijijini kwetu, upande wa Irumu, tuliukata mwezi wa saba kwa visu vidogo, suke kwa suke, na wiki hiyo nyumba nzima ilinuka uji mchachu. Ulikuwa mzito, ukiganda juu ya mdomo, nasi watoto tukauramba mpaka jioni. Miezi mingine tulikula mihogo, lakini nyanya hakuiheshimu. Aliiita chakula cha Leta, yaani cha serikali, kwa sababu enzi za Wabelgiji kila mtu alilazimishwa kuipanda, na monitere wa kilimo, msimamizi wao, alipita akikagua shamba kwa shamba. Aliyekosa alifungwa. Ulezi haukuamriwa na mtu. Kila mama alimpa binti yake kibuyu kimoja cha mbegu siku ya kuolewa, na ndivyo ulivyomfikia yeye.

Vita vilipotufukuza tulikimbilia Bunia. Nyanya aliacha mbuzi, akaacha masufuria, akaja na konzi moja ya mbegu katika pindo la kitenge. Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, aliipanda yote nyuma ya nyumba tuliyopanga, kwenye kipande kama chumba kwa ukubwa. Mama mdogo, binti yake wa mwisho, alikuwa amechumbiwa. Mavuno yale yalikuwa ya kujaza kibuyu chake.

Sasa, ulezi ukiwa mchanga una gugu linalofanana nao mno. Jani ni lile lile, kimo ni kile kile, na tofauti iko chini kabisa kwenye shina. Ndiyo maana palizi ya kwanza nyanya hakumwachia mtu. Lakini mguu wake ulivimba, akaenda dispensari, mama na mama mdogo wakiwa sokoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilipenda kusifiwa. Nikaingia shambani. Gugu lilikuwa nene, lenye afya, nikaona huo ndio ulezi. Ule mwembamba niliung'oa wote, nikauanika juani ili usiote tena, kama nilivyofundishwa.

Nyanya alirudi wa kwanza. Aliinama, akashika shina moja, halafu jingine. Niliyong'oa yalikuwa yamekwisha kukauka. Nilingoja kofi, halikuja.

"Umengoa mutoto, umeacha mwizi," akasema. Kisha akaangalia njiani kama kuna anayekuja. "Weye nyamaza. Tutasema ni miye nilipalia. Macho yangu imezeeka."

Nikanyamaza. Mama mdogo alilia siku mbili, akaenda kwa mumewe na vitenge na sufuria, bila kibuyu, na huko ukweni walimsema. Nyumbani kwetu nyanya akawa kipofu tangu siku ile. Walimnyang'anya jembe kwa huruma, wakamnyang'anya kuchagua maharagwe, hata sindano. Macho yake yalikuwa mazima, ndugu yangu. Alikuwa akiniona nikiingia na tope mguuni kabla sijafika mlangoni, lakini akiwapo mtu mwingine alipapasa ukuta. Alikaa hivyo miaka, mikono juu ya mapaja, mwanamke ambaye zamani hakupata usingizi kwa kazi.

Ulezi mweusi sijauona tena. Nimeuliza Irumu, nimeuliza hata watu waliohamia Mongbwalu kutafuta dhahabu, labda mmoja wao aliuchukua. Wananijibu kwa upole, wengine hawakumbuki kwamba uliwahi kuwa mweusi. Nami nimechoka kuuliza.

Tulipomzika nyanya, wanawake walikaa ndani na mama mdogo akaanza kueleza maisha ya marehemu. Alisema alikuwa mama mwema, ila mbegu ya wazee ilimfia mikononi kwa sababu ya macho, naye hakukubali kusaidiwa. Wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikammiminia chai, nikaongeza sukari, nikapita kwa mwingine.