Ng'ombe wa Kemuma

Wifi yangu aliingia kwa baba yangu bila kusalimia mtu, akapita moja kwa moja hadi zizini, akamkumbatia ng'ombe shingoni.

Mchana kweupe. Mama alikuwa anaanika wimbi uani, akabaki ameduwaa.

"Huyu ana wazimu?" akaniuliza.

Mimi nilijua yule ng'ombe ni nani.

Ngojeni niwaeleze, nyinyi watoto wa siku hizi mnaoletewa maua na boda boda, halafu mnapiga picha. Mimi naitwa Bonareri. Nina umri mkubwa na simu yangu mwenyewe, na leo nimeamka na hasira.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane. Nilikuwa nimeolewa Nyanchwa na kijana anaitwa Abner. Nilimpenda, kwa nini niwadanganye? Alikuwa anaimba besi kanisani, na akianza tu, mimi nasahau mahubiri yote.

Sasa Abner alinioa kwa kitu gani? Kwa dada yake.

Kwetu Kisii ndivyo ilivyokuwa. Msichana akiolewa, ng'ombe wanaoletwa ndio kaka yake anawatumia kuoa. Kemuma, dada yake Abner, aliolewa Suneka na mtu anaitwa Onchiri. Ng'ombe wa Onchiri wakaja Nyanchwa, hata hawakuzoea zizi, wakaswagwa hadi Ogembo kwa tata, baba yangu. Nikaolewa mimi.

Kwa hivyo ndoa yangu yote ilikuwa imekaa juu ya mgongo wa Kemuma. Nilikuwa sijauona huo mgongo.

Siku hiyo nilikuwa nimeenda kwetu Ogembo kumsalimia mama. Nikamfuata Kemuma zizini.

"Wifi, kwani kuna nini?"

"Nimekuja kujiona," akasema. Alikuwa anampapasa yule ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. "Ona alivyonona. Angalau mmoja wetu anakula vizuri."

Akacheka. Halafu akashusha leso begani, nikaona mgongo wake.

Sitaeleza. Nitasema tu kwamba niliivuta ile leso nikamfunika tena.

Na ile leso ilikuwa mpya. Kemuma alikuwa na leso nyingi kuliko bibi ya chifu. Sokoni Suneka wanawake walikuwa wakimwonea wivu. "Yule mwanaume anajua kupenda bibi yake!" Hata mimi nilikuwa nimewahi kumwambia Abner, mbona huninunulii vitu kama Onchiri?

Kumbe kila leso ilikuwa na kipigo chake. Onchiri anapiga leo, kesho anaenda Kisii mjini kununua leso. Na Kemuma lazima aivae, atabasamu, aseme asante. Asiposema, kunaanza upya.

"Si uwaambie nyumbani?"

"Nimewaambia. Mama ananipa ndizi na kuku nimpelekee Onchiri, eti nimwombe msamaha. Wifi, nikibaki nyumbani, Onchiri atataka ng'ombe wake. Ng'ombe wako hapa kwenu. Wakirudi, na wewe unarudi hapa, Abner anabaki bila bibi." Akanitazama. "Sikuja kukufukuza. Nilikuja kuwaona tu."

Hapo ndipo aliponimaliza. Hakuniomba kitu.

Nilirudi Nyanchwa nikamwekea Abner chakula, nikakaa mbele yake.

"Nirudishe kwetu," nikamwambia.

"Una homa?"

"Sikiliza. Mimi narudi kwa tata, tata anarudisha ng'ombe, wewe unawapeleka Suneka, dada yako anarudi nyumbani akiwa hai. Mtoto bado sina, hakuna mtu wa kubishana. Halafu wewe tafuta ng'ombe wengine pole pole, uje unioe tena. Nitakungoja hata niote mvi."

Abner alilia. Mwanaume mzima, machozi yakaingia kwenye ugali.

"Hakuna mtu amewahi kunipa kitu kama hiki," akasema.

Nikalia na mimi. Nilijiona nimependwa kuliko wanawake wote wa Kisii.

Tata alinitukana mpaka akashikwa na kikohozi. Msichana kuacha mwanaume asiyempiga, asiyekunywa, mtu wa kanisa! Ilibidi niseme tu kwamba simtaki. Ningesema ukweli, tata angesema Kemuma si mtoto wake, na ng'ombe wasingetoka.

Wazee wakaja, wakaongea, wakakubaliana. Abner na jamaa zake wakafungua zizi. Yule mwekundu alipopita karibu yangu, nikamgusa.

"Nenda ukamtoe," nikamwambia.

Mwanamke haswagi ng'ombe wa mahari. Hiyo ni kazi ya wanaume tangu zamani. Kwa hivyo nilibaki nimesimama kwenye ua nikiwatazama mpaka wakapotea kilimani.

Nikangoja.

Wimbi ukavunwa, ukapandwa tena. Kisimani wanawake walinicheka waziwazi, eti nilifukuzwa kwa sababu ya utasa, eti nina mwanaume sokoni. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nawacheka wao. Nina siri na mume wangu, nyinyi mnajua nini?

Sabato moja nikashindwa kuvumilia. Nikaamka mapema nikashika njia hadi Nyanchwa. Nilipokaribia kanisa nikasikia ile besi, na aki ya Mungu, nikaongeza mwendo.

Ibada ilipoisha nikamwona Abner uani. Alikuwa amembebea msichana mmoja Biblia. Msichana mwembamba, mrembo, na mimba imeanza kuonekana.

Persis, jirani yangu wa zamani, akanivuta kando.

"Hukuambiwa? Huyo ni Nyanchera, wa kutoka Nyamira. Amemuoa kwa wale ng'ombe waliotoka kwenu. Alikuwa anamtaka tangu kitambo, Bonareri. Alikosa tu ng'ombe."

Nikamwendea Abner pale pale, mbele ya mchungaji na washiriki wote.

"Kemuma yuko wapi?"

Hakuniangalia. "Kemuma ni mtu mzima, ana bwana yake. Na wewe si uliondoka mwenyewe?"

Wacha niwaambie, kutemewa mate ni afadhali. Nikakumbuka yale machozi kwenye ugali. Wale ng'ombe mimi nilikuwa nampa Kemuma, lakini yeye alihesabu amepewa yeye. Na alichotamani kilikuwa Nyamira.

Nilitoka pale nikaenda Suneka bila kunywa hata maji. Nilimkuta Kemuma nje ya jikoni anamenya ndizi kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa haunyooki tena. Alikuwa na leso mpya.

"Wifi!" Alifurahi kweli. "Niliambiwa ulimchoka Abner ukaenda zako."

Nikamweleza yote. Aliendelea kumenya. Nilitegemea atamlaani kaka yake, au anilaani mimi.

"Kumbe walitoka zizini," akasema. "Kwa nini hukuwaleta mwenyewe?"

"Wifi, mwanamke haswagi ng'ombe wa mahari."

"Najua. Wangekucheka njia nzima." Akaweka ndizi kwenye sufuria. "Lakini mimi ningekuwa nyumbani."

Kemuma hakumaliza mwaka. Walisema ni malaria. Mimi nilikuwa kati ya waliomwosha, na haikuwa malaria. Nilisema hivyo kwa sauti pale kaburini, wakanisukuma nje.

Onchiri alilia kuliko watu wote. Alimzika na leso ya bei kubwa, hakuna aliyewahi kuona kama ile. Na wanawake wa Suneka, nikiwasikia kwa masikio yangu, wakasema, "Yule mwanaume alimpenda sana."

Sikuolewa tena. Besi ikianza kanisani, mimi natoka nje, watu wanadhani ni kibofu cha uzee.

Mjukuu wangu ananiambia nimalize na funzo, eti ndivyo mnavyopenda. Haya. Ukiona mtu anapewa zawadi kila siku, kabla ya kumwonea wivu, muulize hali yake. Na wewe ukiwa na kitu cha kumwokoa mtu, usimpe mtu mwingine akupelekee, hata kama ndiye unayempenda kuliko wote duniani. Mpelekee mwenyewe.

Wakicheka, wacha wacheke. Kutoka Ogembo hadi Suneka si mbali.