Siku Nilipozidisha Hewa

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya Lushoto, zama za Mwingereza, sikupewa sindano wala dawa. Dresa Mkuu, mkubwa wa wauguzi, alinikabidhi saa ya mfukoni. "Hesabu pumzi. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo moja. Na usimwambie mgonjwa. Akijua, ataanza kukupumulia wewe." Nikaona kazi ya kitoto.

Mwaka wa tatu aliletwa kwa machela mke wa mwalimu wangu wa chuoni, aliyenisomesha Kurani kule Vuga. Mama huyu alikuwa amepikia kuni maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha, na moshi ulikuwa umemla mapafu. Midomo ilikuwa buluu, pumzi thelathini na sita kwa dakika. Daktari wa Wilaya alifungua mtungi wa oksijeni, akazungusha koki kidogo tu. "Hapo hapo. Usiguse." Akaenda chumba cha upasuaji.

Mwalimu, aliyekuja naye, aliutazama mtungi. "Mwanangu, umejaa, nawe unamtilia mwenzangu kama chumvi?"

"Ndivyo alivyosema Daktari, Mwalimu."

"Na mimi nasema ongeza."

Kwetu, aliyekufundisha alifu humkatalii. Nikaongeza.

Midomo ikapata rangi! Mama akaacha kuhangaika, akasinzia. Mwalimu akaniombea dua ndefu. Baadaye kidogo nikatoa saa, kwa mazoea tu. Kumi na mbili. Nikarudia: nane. Nikamwita, hakufumbua macho.

Nilikimbia hadi mlango wa upasuaji.

"Umegusa?" Daktari aliuliza.

"Nimegusa, bwana."

"Punguza! Usifunge, punguza! Mkalishe, mwamshe, avute!"

Nilipoishika koki, Mwalimu akanikamata mkono. "Unamnyima hewa mbele ya macho yangu?"

"Nisamehe, Mwalimu." Nikaizungusha. Ndiyo mara pekee niliyomwasi. Tukamkalisha mama, tukampigia kelele, "Vuta, mama! Vuta!" Sita. Tisa. Kumi na nne. Hatimaye akafumbua macho. "Mbona makelele? Mbuzi kaingia shambani?" Mwalimu akacheka huku machozi yakimtoka.

Jioni Daktari alinieleza. Ubongo, pale nyuma kwenye kisogo, ndio unaoamuru kifua. Kwa kawaida husikiliza hewa chafu, ile tunayoitoa puani, inapojaa katika damu. Lakini aliyeishi na hewa chafu miaka mingi, ubongo wake umeizoea, hauijali tena. Hubaki walinzi wadogo katika mishipa ya shingo, wanaoonja damu na kupiga ukelele oksijeni inapopungua. "Wewe uliwashibisha, wakanyamaza. Ubongo ukadhani kazi imekwisha."

Subhanallah! Nilikuwa najipapasa shingo tu, nikiwatafuta walinzi wangu.

Kesho yake nilimkuta Mwalimu amekaa kando ya ule mtungi, ameukinga kwa fimbo, mtu asije akaongeza. Hata Dresa Mkuu alikatazwa kusogea. Na mama alipopona, Mwalimu alitoboa dirisha jikoni kwa mikono yake.

Sasa nimestaafu. Nikipanda kilima cha Vuga, nahema kama mvukuto, na wajukuu hunicheka. Mimi husimama, nikaweka vidole shingoni, nikamshukuru Aliyewaweka walinzi pale kabla sijajua kuomba. Kisha naendelea, maana kule juu lile dirisha bado lipo, na moshi unatoka.