Ng'ombe Wangu na Wageni Wake

Niliishia darasa la saba, lakini banda la ng'ombe wangu lilizidi nyumba za wasomi wengi hapa Mbinga. Sakafu ya saruji, taa, redio. Ng'ombe mwenyewe nilimleta kwa lori kutoka Kigonsera, jike la maziwa, jeusi lenye mabaka meupe.

Tangu mke wangu afariki, nyumba ilikuwa kimya. Yule mnyama akaniletea watu. Kila jioni majirani, vijana wa bodaboda, wanakwaya wakitoka mazoezini. Nawaingiza bandani wamshikeshike, nafungulia redio, chai juu yangu. "Tajiri wetu huyu!" wanasema, nami nazidi kunenepa.

Halafu ng'ombe akasusa majani. Maziwa yakakatika. Mwenye bucha akaja kuchungulia.

"Kaka, niuzie angali anasimama. Akilala, mnunuzi wako ni mbwa."

Nikamfukuza, ila usingizi sikupata. Nikamwita daktari wa mifugo, binti mdogo tu, akachukua damu ikapimwe. Akarudi na majibu.

"Shikamoo, baba. Chembe nyeupe za damu haziko sawa. Za aina moja zimejaa, za aina nyingine zimepungua."

"Marahaba. Ugonjwa gani huo?"

"Huenda hana ugonjwa. Homa hana, kupe hana. Mnyama akiishi na hofu, mwili wake humwaga homoni, na homoni hizo huvuruga chembe nyeupe hivihivi. Mwache atulie, nitapima tena."

"Hofu? Humu? Wewe mwenyewe ungelala humu!"

"Na redio ile, baba? Na mikono yote ile? Nisingelala."

Nikafunga geti. Jioni wakaja, nikawaambia, "Ng'ombe hataki wageni, lakini mimi nipo. Karibuni chai."

Wakatazamana. "Tutarudi akipona, mzee."

Birika zima likapoa. Nikaimwagia migomba.

Bandani nikawa naingia peke yangu, polepole, redio nimeing'oa. Akaanza kuonja majani, kisha akala kweli. Daktari akapima tena, akanipigia simu: "Zimekaa sawa, baba. Ila usimrudishie lile soko."

Nilikimbilia getini nimtangazie yeyote. Jirani alikuwa anapita.

"Vipi, amepona? Tuje leo?"

Niligeuka kutazama bandani. Alikuwa amelala, anacheua, macho nusu yamefumba.

"Bado," nikasema. "Bado kidogo."

Jioni ile nilikamua ndoo ikajaa. Maziwa mazito kama yale, Mbinga nzima huyapati. Nikachemsha, nikamimina kikombe kimoja.