Plastiki Chini ya Sakafu ya Mama Solange

Naona haya kusimulia. Kazi ya kuzuia unyevu chini ya sakafu nilijifunza kwa video, na nilitaka isiwe na kasoro hata moja. Mama Solange, mjane jirani yangu hapa mtaani Cato Manor, alihofia unyevu utaozesha sakafu ya mbao aliyoipigilia marehemu mumewe.

Alipoanza, "Mwanangu, kila nikioga…" nilimkatiza: "Usijali, Mama, ni unyevu wa ardhini."

Siku mbili nilitambaa chini ya sakafu, nikatandika plastiki, nikaziba kila tundu.

Jana aliniita. Mbao zilikuwa zimevimba. Kumbe bomba la bafu lilivuja, na plastiki yangu haikupitisha hata tone.

"Eish, iko bwawa huku chini," akasema. "Sasa utaniacha nimalize? Kila nikioga, ninasikia maji yakianguka chini."